Msimu wa Mwisho wa Reli Rangers

Jumapili, 2 Machi

Tumefungwa manne bila, tena nyumbani. Neno hilo "nyumbani" linanikwama kooni, maana nyumbani kwa Reli Rangers siku hizi ni kiwanja cha kukodi kule Kawangware. Sisi wenye timu tunatoka Kibera kwa miguu, Olympic hadi Ngong Road, Dagoretti Corner hadi Naivasha Road, mwendo wa zaidi ya saa moja, kwenda kutazama aibu. Bao la nne kipa wetu aliusindikiza mpira kwa macho tu, kama mtu anayemuaga mgeni.

Nimerudi na hasira na sina wa kumwambia. Binti yangu yuko Nakuru na hataki kusikia habari za mpira. Basi nimechukua daftari moja kati ya yale yaliyobaki shuleni. Nafundisha Kiswahili gredi ya sita hapa Kianda, na kila mwaka nawaambia wanafunzi waandike shajara. Mimi mwenyewe sijawahi kuandika. Leo naanza, na nitaandika hadi msimu uishe. Zimebaki mechi kumi na moja. Tuko wa pili kutoka mkiani, na wawili wa mwisho wanashushwa daraja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kubwa. Mabati ya darasa yamepiga kelele mpaka nikaacha kufundisha, tukakaa tu tukitazamana.

Jumapili, 9 Machi

Sare, moja kwa moja. Walubengo amepiga ngoma dakika zote tisini. Walubengo ni fundi viatu, ana kibanda pale Sarang'ombe, na ndiye mpiga ngoma wetu tangu nikiwa msichana.

Tukirudi akaniuliza, "Mwalimu, hivi ni nani alituroga tukampatia huyu jamaa timu?"

Jibu nalijua. Ni sisi. Miaka miwili iliyopita tulikuwa hatuna basi la kutupeleka Nakuru wala Eldoret, tukakosa mechi mbili, na ofisi ya ligi ikatuonya kwamba ya tatu tunaondolewa. Ndipo akaja Muia, mwenye maduka ya simiti na mabati Kawangware. Alikuja kwa gari jeupe, akaahidi basi, akaahidi mazoezi ya kisasa, akasema Rangers itafika ligi kuu. Wazee wakatia sahihi. Walubengo alipiga ngoma siku hiyo mpaka jasho likalowesha kofia. Na hotuba ya kumkaribisha niliandika mimi, Magdaline Awuor, kwa Kiswahili changu kizuri kabisa. Nilimwita "mkombozi". Nilisimama mbele ya watu nikaisoma na nikapigiwa makofi.

Jumatano, 12 Machi

Tangazo limetumwa kwenye simu zetu. Nalinakili kama lilivyo: "Kuanzia sasa timu itaitwa Muia Hardware FC na langi zetu ni ya machungwa. Mashabiki wote wanaombwa kutii mabadiriko haya."

Langi. Mabadiriko. Nimesahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kisha nikakaa chini. Kijani chetu kilichaguliwa na baba yangu, Mzee Jeconia, pamoja na wenzake wanne, vibarua wa Industrial Area waliokuwa wakirudi jioni wakifuata reli kwa miguu. Ndio maana timu ikaitwa Reli Rangers. Kijani kilikuwa kitambaa kilichobaki kwenye kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mmoja wao. Hakikuwa na maana nyingine. Lakini baba alizikwa na jezi ya rangi hiyo kifuani.

Jumapili, 16 Machi

Tumefungwa mawili kwa moja, tukiwa tumevaa rangi ya chungwa. Kwa mbali vijana walionekana kama koni za barabarani.

Sitaki kuandika ya leo. Naandika ya mwaka wa tisini na sita.

Ilikuwa fainali ya kombe la mkoa, kwenye kiwanja chetu kando ya reli kabla hakijajengwa vibanda. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuka uji. Billy, mdogo wangu, alikuwa winga wa kushoto, na Shivachi, ambaye leo ni kocha wetu, alikuwa nahodha. Dakika za mwisho Shivachi akapiga pasi ndefu, mpira ukakwama kwenye dimbwi, beki wao akateleza, na Billy akaupiga mpira pamoja na matope na kiatu chenyewe. Vyote vitatu vikaingia golini. Refa alisimama sekunde chache kama anafikiria kama kiatu kinahesabiwa. Akapuliza. Ngozi ya ngoma ya Walubengo ikapasuka, akaendelea kupiga ubavu wake. Walimbeba Billy mpaka Gatwekera akiwa na kiatu kimoja, na baba alitembea nyuma yao, akiwa ameshika kile kingine kama mtu aliyebeba mtoto.

Hakukuwa na mwenye timu siku hizo. Ungeuliza "timu ni ya nani?" watu wangekushangaa.

Jumapili, 23 Machi

Sare. Mapumziko nilimwona Muia kwenye kiti chake cha plastiki, simu sikioni, na msaidizi wake akakimbia hadi kwa Shivachi na karatasi. Shivachi akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakubadilisha mchezaji yeyote.

Jumatatu, 24 Machi

Shivachi amefutwa kazi, kwa ujumbe wa simu, mistari miwili. Miaka kumi na minane na timu.

Nilipita kwake baada ya shule. Alikuwa mlangoni akimenya viazi na mkewe, kama hakuna kilichotokea.

"Alitaka nimtoe Chris niweke mpwa wake," akaniambia. Chris ndiye winga wetu, kijana wa Gatwekera, mguu wa kushoto kama wa Billy enzi zile. "Nikamwambia siwezi kumtoa mtu anacheza poa. Basi."

"Na sasa utafanya nini?"

"Nitamenya viazi, Mwalimu."

Tukacheka wote watatu. Nikatoka pale nikiwa na uchungu ambao sijausikia tangu msiba wa baba.

Ijumaa, 28 Machi

Mkutano kwenye kibanda cha Walubengo. Watu walifika hadi wakasimama barabarani. Vijana walitaka kwenda kumvunjia Muia vioo. Walubengo akawanyamazisha, akasema njia ni moja tu, kususia. Hakuna shabiki wa Kibera kwenda Kawangware tena mpaka Shivachi na kijani virudi. Tukainua mikono.

Mkono mmoja haukuinuka, wa Billy. Yeye ndiye mtunza vifaa wa timu. Anafua jezi, anajaza mipira upepo, anakata machungwa ya mapumziko.

"Wewe unakaa na nani, Billy?" Walubengo akamuuliza.

"Nakaa na wachezaji."

"Wachezaji ni wa Muia!"

"Wachezaji ni watoi wetu, buda. Nani atawafulia?"

Wakamzomea. Mdogo wangu, aliyebebwa mpaka Gatwekera, akazomewa na watu haohao. Na mimi nilinyamaza. Hapana, niseme ukweli kwa kuwa daftari ni langu. Sikunyamaza. Nilisema, "Baba angeona aibu." Kila mtu alisikia. Billy akachukua kofia yake akaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili ya kwanza ya kususia, maana iliyopita haikuwa na mechi. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 13 Aprili

Wameshinda! Tatu kwa moja, huko Eldoret. Nimesikia kwa Walubengo, naye amesikia kwa abiria fulani aliyetoka huko. Alinitangazia habari hiyo kwa sauti ya matanga. Hatukujua tufurahi au la. Tukakubaliana ni bahati.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Billy alikuja kula, kama kila Pasaka. Nilikuwa nimepika kuku na mboga ya mrenda. Tulikula vizuri mpaka nikafungua mdomo.

"Huyo kocha mpya anajua kitu?"

"Ako pale kushika simu tu. Boss akipiga, anapokea."

"Na nyinyi mnakubali."

"Nyamera," akasema, akiniita dada kwa Kidholuo kama kawaida, "Jumatano pia tulishinda. Ni mbili mfululizo."

"Mmeshindia nani? Mmevaa matangazo ya simiti."

Billy aliweka paja la kuku chini. Ana miaka hamsini na moja, lakini akikasirika kidevu chake hutetemeka kama alipokuwa wa miaka sita.

"Mnasusia nini?" akaniuliza. "Muia hasikii kitu. Yeye hata hajui mmeacha kukuja. Wanaosikia ni vijana. Chris aliniuliza, 'Kocha, hawa watu wa kwetu walienda wapi? Tulifanya nini?' Nimwambie nini mimi?"

"Anakuita kocha?"

Alinawa mikono. "Asante kwa chakula," akasema, na hakungoja chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Reli imefunikwa na maji kule chini.

Jumapili, 4 Mei

Nimefanya jambo ambalo Walubengo hatakiwi kulijua. Nimekwenda Kawangware. Nilijifunga leso kichwani, nikavaa miwani ya kusomea, nikapita njia ya Dagoretti Corner kama mwizi. Nilijiambia nakwenda kuona jinsi mambo yalivyoharibika.

Nilikaa nyuma kabisa karibu na mwanamke mnene aliyevaa jezi ya chungwa. Alikuwa akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nilikuwa nimezoea kuwaita mashabiki wa Kawangware "wa kukodishwa". Tuliamini Muia anawabeba kutoka dukani kwake kuja kujaza viti. Huyu hakuwa wa kukodishwa. Alimjua kila mchezaji kwa jina, alijua goti la nani linauma.

"Wewe ni mgeni?" akaniuliza mapumziko.

"Sijafika hapa siku nyingi," nikasema, na ilikuwa karibu kweli.

Jina lake ni Waceke. Anauza viazi karibu na Stage 46. Alianza kuja kwa sababu kiwanja kiko nyuma ya nyumba yake na kelele zilikuwa zinamzuia kulala mchana wa Jumapili. "Nikasema wacha nione ni nini inasumbua watu. Sasa mimi ndio nasumbua watu." Akacheka, akanipa kiazi kilichochomwa kutoka kwenye mfuko wake.

"Wale wa Kibera walikuwa na ngoma," akaniambia. "Walienda. Hata hawakuaga. Hii kiwanja imekuwa kama kanisa bila kwaya."

Nikakiweka kile kiazi mapajani.

Kisha nikamwona Billy. Kocha mpya alikuwa ameketi, simu mkononi, kimya. Aliyesimama kando ya mstari akielekeza, mkono huku, mkono kule, alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amesimama vilevile alivyokuwa akisimama Shivachi, mguu mmoja mbele. Chris akimtazama, Billy anagusa kifua chake mara mbili, na Chris anajua la kufanya.

Tumeshinda moja bila.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Billy, nikiwa na unga na dagaa wa omena kwa sababu sikutaka kwenda na maneno peke yake. Alikuwa kwenye kamba ya nguo anaanika jezi, kumi na nane.

"Nilikuja jana," nikamwambia.

"Nilikuona. Leso ya maua, miwani. Nani hakujui?"

Nikamwomba msamaha kwa lile nililosema kuhusu baba. Alinipa ncha ya jezi tukakamua pamoja, yeye akizungusha huku na mimi kule.

"Si mimi nafundisha," akasema baadaye. "Ni Shivachi. Kila asubuhi ananitumia mazoezi kwa simu. Huyu akae hivi, yule akimbie hivi. Usiambie Walubengo, atamtoa kwa chama."

Kumbe mtu ambaye tulisusia timu kwa ajili yake hakuwa ameisusia.

Jumapili, 11 Mei

Sare ugenini. Mechi mbili zimebaki.

Jumatano, 14 Mei

Billy alinisubiri nje ya lango la shule. Sura yake ilinitisha kabla hajasema.

Muia anaiuza nafasi ya ligi. Mkataba uko tayari. Kampuni moja kutoka mbali inataka kuingia ligi hii bila kupanda kutoka chini, kwa hivyo inanunua nafasi yetu. Msimu ujao kutakuwa na timu nyingine, jina lingine, kaunti nyingine, na Rangers haitakuwepo. Sharti ni moja: lazima tubaki kwenye daraja. Tukishuka, hakuna cha kuuzwa.

"Wachezaji wanajua?"

"Wameambiwa wakibaki juu, wengine watachukuliwa na hiyo timu mpya. Chris ameshaahidiwa." Akatazama viatu vyake. "Nyamera, tukishinda tumekwisha. Tukipoteza, vijana wamekwisha."

Wanafunzi walikuwa wanapita wakiniamkia, "Habari ya jioni, Mwalimu," na mimi nikiwaitikia kila mmoja.

Jumamosi, 17 Mei

Muia amenipigia simu. Ameniomba niende dukani kwake Kawangware. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana.

Ofisi yake iko nyuma ya marundo ya misumari na rangi. Hakuwa na ile sauti ya siku ya gari jeupe. Aliniandalia kiti mwenyewe, akakipangusa.

"Mwalimu, nataka uniandikie barua. Kwa mashabiki. Ya kuwaaga vizuri. Ile hotuba yako ya kwanza ilikuwa tamu sana."

"Siwezi," nikasema.

Alitikisa kichwa kama alijua. Nje kuna mtu alikuwa anapima mabati kwa sauti.

"Mimi nilikuwa nakuja Kibera na mjomba wangu kuwaona mkicheza," akasema. "Sikuwa na mtu wa kunijua huko. Lakini mkishinda, mtu yeyote alikuwa ananikumbatia. Mtu yeyote, Mwalimu. Nikasema nikipata uwezo nitanunua ile kitu."

"Haikuwa inauzwa."

"Lakini mliniuzia." Hakulisema kwa ubaya. "Siku ile mlipiga makofi. Hakuna hata mmoja wenu aliniuliza kama najua kuendesha timu. Sikuwa najua. Na vile mlivyonisifu, ningemuuliza nani?"

Nilitaka kumjibu kuhusu Shivachi, kuhusu mpwa wake, kuhusu kijani. Nilimjibu yote. Alisikiliza. Mwishowe akasema biashara ni mbaya, amechoka, na mkataba hauwezi kurudi nyuma. Nilipoinuka alinisindikiza mpaka barabarani, mtu mfupi mwenye vumbi la simiti kwenye nyusi. Bado simpendi. Lakini nimerudi bila ile hasira safi niliyokwenda nayo, na ninaikosa.

Jumapili, 18 Mei

Tumefungwa. Sasa hesabu ni rahisi hata kwa mwalimu wa Kiswahili. Mechi ya mwisho, tarehe mosi Juni, tukishinda tunabaki. Sare au kufungwa, tunashuka.

Ijumaa, 23 Mei

Mkutano tena kwa Walubengo. Nimewaeleza yote, na Shivachi alikuwepo. Walubengo alisimama juu ya sanduku lake la rangi ya viatu.

"Basi ni rahisi," akasema. "Tuombe tufungwe. Tukishuka, Muia hana kitu mkononi, anatuachia. Tunarudi kando ya reli, tunaanza chini, lakini tuko wetu."

Watu wakashangilia. Ni mantiki safi, sikuona kosa. Kuna aliyesema twende kwa wingi tuwazomee vijana wetu wapoteze moyo. Hapo Shivachi akainuka.

"Mimi sijawahi kufundisha mtu kufungwa," akasema. "Mkitaka kwenda, nendeni na ngoma. Mkitaka kuzomea, kaeni nyumbani." Akatoka. Walubengo akabaki juu ya sanduku, mdomo wazi.

Alhamisi, 29 Mei

Mafua. Nimefundisha kwa kuandika ubaoni.

Jumapili, 1 Juni. Sikukuu ya Madaraka

Nimerudi. Chai imepoa mbele yangu. Nijaribu kuandika kwa utaratibu.

Tulikwenda. Sijui watu wangapi, lakini tulipofika Dagoretti Corner magari yalikuwa yanatungoja tupite. Tulivaa kijani. Walubengo alikuwa na ngoma mgongoni lakini hakuipiga njiani. Aliniambia, "Nimeibeba tu. Sijaamua." Nilijua anakwenda kuomba tufungwe. Mimi pia, nilikuwa nimeamua hivyo. Nilikuwa nimefikiria wiki nzima, na akili yangu ilikuwa imetulia.

Waceke alituona tukiingia, akasimama, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuwasogeza watu wake wa chungwa. "Songa! Songa! Wenye ngoma wamerudi!" Tukakaa tumechanganyika, kijani na chungwa. Nikamweleza habari ya mkataba. Hakuwa anajua. Alinisikiliza, macho yakijaa.

"Na sisi je, Mwalimu?" akasema. "Sisi tumeanza kuipenda juzi tu."

Sikuwa nimewafikiria hata mara moja.

Timu ya Machakos ilitufunga mapema. Lilikuwa ndilo tulilolitaka, na hakuna hata mtu mmoja wa Kibera aliyepiga makofi. Chris alitazama upande wetu. Ni mtazamo ule wa mwanafunzi aliyekosea jibu, anayengoja umwambie kama bado unampenda. Niliinamisha kichwa.

Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kona. Kawangware wakaruka, sisi tukajikaza. Nilimwona Walubengo ameshika magoti yake kwa nguvu.

Mvua ikaanza, ya baridi, nyembamba. Dakika ya themanini na nane Billy akagusa kifua mara mbili. Chris akaupata mpira pale kushoto, karibu na mstari, mbele yetu kabisa. Akamtoka wa kwanza. Nikajiambia, Magdaline, akipoteza mpira huu, timu ni yako. Akamtoka wa pili. Na nikasikia mtu anapiga kelele kwa sauti kali, "Piga! Piga, Chris, piga!" na koo lililouma lilikuwa langu.

Na ngoma ikaanza. Sikugeuka kumtazama Walubengo, lakini ilikuwa ndiyo, ile mipigo ya mwaka wa tisini na sita, ya haraka, inayokufanya uinuke bila kujua.

Chris akapiga.

Wavu ulipotikisika sikukumbuka mkataba. Naapa sikukumbuka chochote. Nilikuwa nimemkumbatia Waceke, Waceke amemkumbatia kijana nisiyemjua, Walubengo analia huku anapiga ngoma, na Shivachi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya choo cha kiwanja ili asionekane, anakimbia kama ana miaka ishirini. Kijani na chungwa tulianguka pamoja kwenye matope. Nilimwona Muia kwenye kiti chake cha plastiki, amesimama, mikono juu, peke yake, akitazama huku na huku kama anatafuta mtu.

Ni kijana mmoja tu, mpira ulipoanzishwa tena, aliyesema polepole, "Sasa tumeuzwa." Halafu Walubengo akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Najua," akasema. "Lakini si ulimwona? Si ulimwona vile alimpita yule wa pili?"

Tukaimba mpaka filimbi ya mwisho. Vijana walikuja kutusalimia mstari mzima. Billy alikuja wa mwisho, akaweka paji lake la uso begani kwangu. Nikamwambia, "Baba angetembea nyuma yako leo."

Jumanne, 10 Juni

Imetangazwa. Jina jipya, mji mpya. Chris ameondoka kwa basi la asubuhi. Billy alimpeleka stendi.

Jumapili, 15 Juni

Baridi kali. Niliahidi kuandika hadi msimu uishe na umeisha, lakini nina ukurasa mmoja.

Tumekutana leo baada ya kanisa, nyuma ya kibanda cha Waceke, watu thelathini na kitu, wengi wa Kibera na kumi hivi wa Kawangware. Shivachi alileta fomu ya kusajili timu mpya, daraja la chini kabisa, ligi ya mtaani ambayo mechi zake wakati mwingine zinasimama kupisha ng'ombe. Wachezaji wapo saba. Kipa hakuna.

Tumebishana jina kwa saa mbili. Walubengo alitaka Reli Rangers, lolote lingine ni usaliti. Waceke akamwambia, "Reli haifiki kwetu. Na sitaki kuwa mgeni tena kwa timu yangu." Alisema "timu yangu" na nilimwona Walubengo akivua kofia. Mwishowe tukapiga kura: Ngong Road Rangers, kwa sababu ndiyo barabara sote tunaivuka. Walubengo alipiga kura ya hapana kisha akauliza ngoma itakaa upande gani.

Fomu nilijaza mimi. Nilifika mahali palipoandikwa "Mmiliki" na mstari mfupi mbele yake. Nikasimamisha kalamu. Shivachi akasema niandike jina langu, Billy akasema niandike la kocha, mtu akasema kuna jamaa anajulikana ana pesa angeweza kusaidia, na watu wote wakamgeukia kwa pamoja mpaka akaomba radhi.

"Andika wote," akasema Waceke.

"Nafasi haitoshi."

"Wewe ni mwalimu. Andika ndogo."

Nikaanza. Walisogea mmoja mmoja wakanitajia majina, majina matatu kila mtu, na nikawauliza herufi pale nilipokuwa na shaka. Mstari ukajaa, nikapanda pembeni, nikageuza karatasi nyuma. Walubengo alisimama nyuma ya bega langu akihakikisha. La mwisho lilikuwa langu, na nililibana chini kabisa kwenye pembe, kwa herufi ndogo sana, maana karatasi ilikuwa imeisha.